Makao ya watoto hayafungwi kesho: sera mpya ya malezi inavyobadili kazi ya afisa wa watoto Mombasa

Maneno yamekuwa mengi mitaani. Ukikaa baraza Kisauni utaambiwa serikali imeamua kufunga nyumba zote za mayatima na watoto watarudi kulala barabarani. Ukivuka feri, Likoni, utasikia kinyume chake: kwamba siku hizi afisa wa watoto anaweza kuingia nyumbani kwako akamchukua mwanao kwa sababu umeshindwa kulipa karo. Na nje ya msikiti, baada ya swala ya Ijumaa, kuna la tatu: sheria mpya inataka kuwalazimisha Waislamu waasili watoto, yaani wawachukue wawe wao kabisa kisheria, kinyume cha dini yao. Ukiyaweka madai haya pamoja utaona yanagongana, kwani serikali haiwezi kuwa inamtupa mtoto na papo hapo inamnyakua. Hata hivyo yote matatu yametokana na badiliko moja la kweli, ambalo halikuelezwa vyema kwa wale linaowagusa.

Badiliko lenyewe ni hili. Kwa miaka mingi, mtoto alipokuwa hatarini, ofisi ya watoto ilikuwa na kazi ya kumtafutia mahali pa kulala. Sera ya sasa inaitaka imtafutie watu wa kuishi nao. Kwa maneno ni tofauti ndogo, lakini inageuza karibu kila jambo analofanya afisa kutwa nzima, na ndiyo inayomfanya aonekane mzembe kwa jirani huyu na mkali kwa jirani yule.

Maneno ya kujua kwanza

Mtoto, kwa Katiba ya Kenya, ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Kubaleghe hakumtoi katika utoto wa kisheria, wala kuolewa, wala kuzaa.

Mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi ni yule ambaye hali yake imemweka hatarini, na sheria inazo hali nyingi: aliyetupwa, aliyefiwa na wazazi na kukosa wa kumwangalia, anayepigwa na kuumizwa, anayeombeshwa njiani, anayefanyishwa kazi badala ya kusoma, aliyenajisiwa, anayetaka kuozwa. Huyu si mtoto mkorofi, na wala hashtakiwi kwa lolote. Aliyekosana na sheria ana njia yake nyingine, nitaigusa kwa ufupi baadaye.

Malezi mbadala ni malezi yoyote anayopata mtoto asipoweza kukaa na wazazi wake. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2014 unayataja kwa aina zake: kulelewa na jamaa, yaani bibi, shangazi, khalati, mjomba au ndugu mkubwa; kulelewa kwa muda na familia isiyo ya ukoo; ulezi unaothibitishwa na mahakama; kafala, yaani malezi ya Kiislamu yasiyobadili nasaba ya mtoto; kuasiliwa; na mwisho wa foleni, makao ya watoto. Naomba msomaji aushike mpangilio huo. Makao hayajafutwa katika orodha, yamewekwa mwisho.

Mageuzi ya malezi ni mpango wa taifa wa miaka 10, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuwahamisha watoto hatua kwa hatua kutoka makao kwenda katika familia, na kuyasaidia makao yenyewe yageuke kuwa vituo vya kuhudumia familia. Miaka 10 si kesho.

Na afisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa, chini ya idara ya huduma za watoto, wala si wa kaunti. Katiba imeipa kaunti shule za chekechea na vituo vya kutunzia watoto wadogo. Wengi humlilia mwakilishi wadi kwa jambo ambalo mamlaka yake yako kwenye ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, iwe Mvita, Nyali, Jomvu, Changamwe, Kisauni au Likoni, kisha huondoka wakidhani wamepuuzwa.

Tulifikaje hapa

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na mwaka 2001 Bunge likatunga Sheria ya Watoto ya kwanza ya aina yake nchini. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umezoa wazazi wengi, na makao ya watoto yalikuwa yanachipuka kila upande. Hapa pwani tulikuwa na chachu nyingine, utalii. Mgeni anayekuja kupumzika Bamburi au Diani huguswa na mtoto aliyemkuta, akirudi kwao anachangisha pesa, na mwaka unaofuata nyumba imejengwa. Nia ilikuwa njema, na watoto wengi walishiba na kusoma kwa sababu hiyo. Sitaki mtu aliyejitolea maisha yake kuendesha makao asome makala hii akahisi anatukanwa.

Kisha mambo yakabadilika moja baada ya jingine. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ikampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi, na ikasema wajibu huo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au la. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshatoa mwongozo wa malezi mbadala mwaka 2009, unaosema kwamba umaskini pekee haupaswi kamwe kuwa sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Kenya ikatoa mwongozo wake 2014. Novemba mwaka huohuo serikali ikasimamisha watoto wa Kenya kuasiliwa na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Mwaka 2017 ikasitisha kusajili makao mapya. Na Julai 2022 Sheria mpya ya Watoto ikaanza kutumika, ikachukua nafasi ya ile ya 2001.

Kwa nini mwelekeo wote huu umekwenda upande mmoja? Sababu ya kwanza ni watoto wenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walianza kazi Bucharest, Romania, na watoto 136 wachanga waliokuwa wakiishi katika taasisi. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia zilizofunzwa na kusaidiwa, nusu wakaendelea na malezi kama yalivyokuwa. Wakafuatiliwa mwaka hadi mwaka. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Taasisi za Romania zilikuwa mbaya kuliko makao mengi ya Mombasa, hilo nalikubali. Lakini hata katika makao bora, mama mlezi ana zamu, na zamu yake ikiisha anaondoka. Mtoto wa miaka miwili haelewi zamu ni nini. Anachojua ni kwamba aliyemzoea hayupo.

Sababu ya pili huwashangaza watu zaidi. Serikali yenyewe imekadiria kwamba zaidi ya watoto 40,000 wanaishi katika makao nchini, na wengi wao si mayatima. Wana mama, au baba, au bibi anayejulikana kwa jina na kijiji. Walifika huko kwa sababu nyumbani hakukuwa na karo wala chakula, na makao yalikuwa na vyote viwili. Mzazi yeyote mwenye dhiki angefanya hesabu hiyohiyo. Tatizo ni kwamba pesa iliyokuwa ikimlisha na kumsomesha mtoto mmoja ndani ya ukuta haikumfikia mdogo wake aliyebaki nje, wala mama yao.

Fikiria jahazi linalovuja. Unaweza kuwashusha abiria mmoja mmoja ukawaweka pwani, na kila safari ukasifiwa kwa kuokoa watu, lakini chombo kitaendelea kuingia maji na kesho kutakuwa na abiria wengine wa kushushwa. Au unaweza kutafuta ulipo ufa, ukaukalafati kwa pamba na mafuta, chombo kikasafiri na watu wake. Kazi ya kukalafati haina shangwe, inachukua muda, na anayetazama kwa mbali huona mtu ameinama tu. Bila shaka kuna jahazi lililokwisha pasuka, na hilo huwezi kulikalafati watu wakiwa ndani. Ujuzi wote wa afisa uko katika kutambua lipi ni lipi.

Kesi moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini ambao mtu yeyote wa mji huu ataufahamu. Msichana wa miaka tisa yuko Mtopanga. Mamake amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani na amemwacha kwa jirani, rafiki yake wa siku nyingi. Babake aliondoka zamani. Miezi ya mwanzo pesa zilikuja, kisha zikakatika. Sasa mtoto haendi shule, anauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, na amekonda. Mwalimu wake anapiga simu.

Chini ya mazoea ya zamani kesi hii ilikuwa nyepesi kwa ofisi: ripoti polisi, amri kutoka mahakama ya watoto pale Tononoka, mtoto akapelekwa kwenye makao, faili likafungwa. Mtaa mzima ungeona kwamba kitu kimefanyika.

Leo afisa anaanza na swali moja: mtoto yuko salama usiku huu? Kama anapigwa au analala njaa, atahamishiwa mahali salama mara moja, na hapo mahakama lazima ijulishwe, kwani afisa hana ruhusa ya kumweka mtoto wa watu mahali kwa hiari yake. Kama hatari si ya usiku huu, basi kazi ndefu inaanza. Mama anatafutwa kwa simu, na pengine inagundulika kwamba mwajiri amemnyang'anya simu yake. Bibi mzaa mama yuko Msambweni, lazima afuatwe, atazamwe anavyoishi, aulizwe kama ana nguvu za kulea. Kuna khalati Changamwe mwenye watoto wanne na chumba kimoja. Kuna baba, na kwa Katiba baba huyo anadaiwa, hata kama hakumuoa mama. Jirani naye huenda si mtu mbaya, huenda amelemewa tu na hana wa kumwambia.

Katikati ya hayo yote mtoto lazima aulizwe anataka nini. Sheria ya 2022 inaorodhesha mambo ya kupimwa kabla ya kuamua lililo bora kwa mtoto: umri na ukuaji wake, uhusiano wake na watu waliomlea, dini na mila zake, na maoni yake mwenyewe. Kumsikiliza mtoto wa miaka tisa ni kazi inayohitaji utaratibu. Hasemi siku ya kwanza, na mara nyingi hasemi mbele ya mtu anayemlisha.

Kisha ukoo unakaa kitako. Tuseme inakubaliwa aende kwa bibi Msambweni. Je, bibi atamlisha nini? Hapa ndipo afisa anapokuwa mtafutaji wa misaada: nafasi ya shule, sare, njia ya mama kumtumia bibi pesa moja kwa moja, na kama familia inastahili, jina katika mpango wa Inua Jamii, ambao umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba inayolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 2004 kwa nyumba 500 za Kwale, Garissa na Nairobi, kwa hivyo majirani zetu wa Kwale walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini. Shilingi 2,000 hazimwinui mtu kutoka katika umaskini. Zinaweza kumnunulia bibi unga na kumwondolea fikra ya kumtafutia mjukuu kazi ya ndani.

Na mtoto akishahamia, faili halifungwi. Afisa au mhudumu wa ustawi wa jamii anatakiwa arudi amtazame, tena na tena, mpaka aridhike kwamba ametulia. Watoto wengine hurudi kule walikotoka. Wengine hugombana na binamu zao. Hayo si dalili kwamba mpango umeshindwa, ni sehemu ya kazi.

Sasa mweke jirani wa Mtopanga dirishani. Wiki mbili zimepita tangu mwalimu apige simu, na mtoto bado anaonekana pale. Jirani atasema nini? Atasema afisa amelala, au amekula hongo. Pengine ni kweli, sitamtetea kila mwenye cheo. Lakini mara nyingi wiki hizo mbili ni safari ya Msambweni, simu ya Saudia na kikao cha ukoo.

"Wanachukua watoto wa maskini"

Hofu hii nimeisikia kwa akina mama wengi, na inaumiza kwa sababu ina matokeo. Mama anayemwogopa afisa hampeleki mtoto aliyeumia hospitali. Basi niseme wazi. Kukosa karo si kosa la kumtenganisha mtu na mwanawe. Kulala chumba kimoja familia nzima si kosa. Sera nzima niliyoieleza hapo juu imejengwa juu ya kukataa jambo hilo. Afisa anaweza kumwondoa mtoto kwa dharura akiwa hatarini, lakini kumtenga na wazazi kwa muda mrefu ni uamuzi wa mahakama, na amri ya mahakama ina muda wake na inaweza kupingwa. Kuhusu kuchapa, Katiba imempa mtoto haki ya kutopigwa kama adhabu, na ni vyema tuizoee. Hata hivyo hatua ya kwanza ya afisa mwenye busara kwa mzazi aliyepandwa na hasira huwa mazungumzo.

Kuna mahali ambapo mazungumzo hayana nafasi. Mtoto akinajisiwa, na mara nyingi mtendaji ni mtu wa nyumbani au wa karibu, hakuna kikao cha wazee kinachoweza kuimaliza kesi hiyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, na uamuzi wa kusitisha mashtaka hauko kwa familia. Mtoto apelekwe hospitali upesi, kabla hajaogeshwa na bila nguo kufuliwa. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kuwahudumia walioathirika na dhuluma hizi, na fomu ya polisi iitwayo P3 hujazwa na daktari ili itumike mahakamani. Mbuzi aliyetolewa kama faini hamrudishii mtoto chochote.

Na hapa ndipo ninapoiogopa sera hii mpya. Afisa anayesukumwa kuonyesha kwamba amewarudisha watoto wengi majumbani anaweza kumrudisha mtoto kwa yule aliyemdhuru. Familia ni bora pale inapokuwa salama. Mkasa wa Shakahola, uliofichuka Kilifi mwaka 2023, ulituonyesha wazazi walioingia na watoto wao msituni wafe kwa njaa, na watoto waliookolewa kule walihitaji mahali pa kukimbilia siku hiyohiyo. Ndiyo maana makao ya muda, yenye watu waliofunzwa, hayawezi kuondolewa kabisa, na sheria haisemi yaondolewe.

Wale wa upande wa pili wa sheria

Kwa ufupi, kwa kuwa Kisauni na Likoni jambo hili linachoma. Vijana wadogo wenye mapanga wamewatia watu hofu, na ukisikia kwamba Sheria ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, unaweza kudhani wahalifu wamepewa kinga. Hawakupewa. Mtoto wa chini ya miaka 12 hashtakiwi, lakini anaangukia mikononi mwa ofisi ya watoto kama anayehitaji ulinzi. Kuanzia 12 hadi kabla ya 14, sheria inachukulia kwamba hakuwa na uwezo wa kutenda jinai mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyezidi hapo anaweza kushtakiwa katika mahakama ya watoto, akawekwa kwenye rumande ya watoto kama ile ya Likoni badala ya gereza la watu wazima. Afisa ndiye anayeiandikia mahakama ripoti ya nyumbani kwa kijana. Anayetaka genge liishe ana kila sababu ya kutaka ripoti hiyo iandikwe na mtu aliyefika kweli kwenye ile nyumba, akajua nani humpa kijana chakula na nani humpa panga.

Kafala si kuasili

Nimeliacha hili kwa makusudi ili nilipe nafasi, kwa sababu katika mji huu ndilo lenye upotoshaji mwingi na ndilo lenye matumaini mengi.

Kuasili, kwa sheria ya Kenya, kunakata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na waliomzaa. Anakuwa wa wazazi wapya kwa jina, kwa mirathi, kwa kila kitu. Uislamu haukubali nasaba ibadilishwe hivyo. Surat al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Kafala ni jambo jingine. Unamchukua mtoto asiye na malezi ya wazazi, unamlisha, unamvisha, unamsomesha, unamlea kama wako, naye anabaki na jina na nasaba yake. Haingii katika mafungu ya mirathi, lakini mlezi anaweza kumuusia mpaka theluthi ya mali yake, au kumpa hiba akiwa hai. Na kama alichukuliwa akiwa hajatimiza miaka miwili na mke wa nyumba akamnyonyesha inavyotakiwa, uhusiano wa kunyonya unaingia na suala la kujisitiri mbele yake akiwa mkubwa linapata ufumbuzi. Akina bibi wa Mji wa Kale waliyajua haya kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa.

Mkataba wa Haki za Mtoto unaitaja kafala kwa jina, katika kifungu cha 20, na Sheria yetu ya 2022 inaitambua kama njia ya malezi kwa wenye imani ya Kiislamu. Kwa hivyo dai la msikitini limegeuza ukweli juu chini. Hakuna Mwislamu anayelazimishwa kuasili. Kilichofanyika ni kwamba desturi yake imepewa mahali katika sheria ya nchi.

Kwa nini basi isiachwe iende kimyakimya kama zamani? Kwa sababu ukimya ule ulikuwa na wahanga. Tunawajua wasichana walioletwa mjini kutoka vijiji vya Kwale, Kilifi na Lamu kwa ahadi kwamba watasomeshwa, wakaishia kuosha vyombo na kulea watoto wa wenzao. Nyumba ilisema inamlea yatima, na majirani wakaamini. Anapoingia afisa na kuuliza mtoto analala wapi, anasoma wapi, ukoo wake unajua yuko hapa, anamtenganisha mwenye kafala ya kweli na anayejificha nyuma yake. Kazi hiyo haitafanyika kwa fomu peke yake. Inamtaka afisa akae na imamu, na kadhi, na wazee wanaojulikana mtaani, ajue dini inasema nini ili asiwaogofye walezi wema. Na inawataka maimamu walizungumzie kwenye mimbari. Zipo nyumba nyingi Mombasa zenye nafasi na uwezo ambazo hazijawahi kuulizwa.

Pesa na mikono

Hapa sera na hali halisi hazijakutana. Kumpeleka mtoto kwenye makao ilikuwa kazi ya siku moja na gharama ikabebwa na mfadhili wa ng'ambo. Kumrudisha kwa bibi ni miezi ya ziara, nauli ya matatu na bodaboda, muda wa simu, vikao. Maafisa ni wachache kwa kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja, na wanategemea sana wahudumu wa kujitolea wa mitaani, wengi wao akina mama wanaolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa. Kumwongezea mtu kazi mara tatu bila kumwongezea nauli ni njia ya uhakika ya kuifanya sera nzuri ionekane mbovu. Kama serikali inaamini mageuzi haya, basi yaonekane katika bajeti ya ofisi za kaunti ndogo, maana huko ndiko mtoto anakofikiwa.

Makao nayo yako njia panda. Mfadhili hupenda kuona jengo, vitanda na watoto wakiimba. Ni vigumu kumpigia picha bibi wa Msambweni aliyelipiwa karo ya mjukuu. Lakini yale makao ambayo tayari yana wahudumu wa ustawi wa jamii, gari na jina zuri mtaani ndiyo yanayoweza kufanya kazi hii vizuri kuliko wote, yakikubali kuhesabu familia walizozisaidia badala ya vitanda vilivyojaa. Nawe unayepeleka mchele na mafuta kila Ramadhani au Krismasi, endelea kutoa. Ila muulize msimamizi: kati ya watoto hawa ni wangapi wana jamaa wanaojulikana, na makao yanafanya nini kuwaunganisha? Msimamizi mwema atafurahi umeuliza.

Ukiona mtoto ana shida, namba ya 116 ni ya bure, mchana na usiku. Unaweza pia kwenda kwa chifu, kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako. Taja mtaa na alama ya karibu, umri unaoukadiria, ulichokiona kwa macho yako na siku ulizokiona, na kama unadhani hawezi kulala pale usiku huo sema hivyo kabla ya lolote. Ukienda kituoni andikiwa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, uihifadhi, na ukienda ofisini chukua jina la aliyekuhudumia. Baada ya siku chache rudi uulize kesi imefika wapi. Afisa anaweza asikueleze yote, kwa kuwa habari za mtoto ni siri, lakini anaweza kukuambia kama imepokelewa na inashughulikiwa. Isipokuwa hivyo, panda ngazi uende ofisi ya watoto ya kaunti.